Majibu Yetu Yalitoka?

Mwezi wa nane nilikwenda Handeni kuzika. Baba wa mfanyakazi mwenzangu alikuwa amefariki. Tulitoka Dar usiku, Chalinze tukanywa chai, Mkata tukaiacha barabara kuu, na jua linapanda tulikuwa tumeshafika msibani. Wanaume turubai la kule, akina mama turubai la huku, mawifi tayari wanagombana kuhusu sufuria.

Nilipewa beseni la vitunguu na kisu butu. Kando yangu kulikuwa na bibi mmoja anapepeta mchele. Ananitazama, anarudi kwenye ungo wake, ananitazama tena.

"Wewe si ndiye yule wa makaratasi?"

Sikumwelewa.

"Uliyekuja na makaratasi, ukauliza habari za maji. Ila ulikuwa mwembamba."

Turubai zima likacheka. Nami nikacheka, halafu nikakumbuka, na kicheko kikanikauka. Mwaka 2013 nilikaa wiki tatu kijiji cha jirani nikikusanya data za shahada ya uzamili. Bibi huyu anaishi huko. Nilikaa kwenye kigoda chake, nikanywa uji wake, nikamuuliza maswali 34.

"Shikamoo bibi. Ndiyo mimi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sasa majibu yetu yalitoka?"

Nikababaika. Majibu gani tena? Yeye ndiye aliyetoa majibu, mimi nilikuwa na maswali. Akaona sijaelewa, akanifafanulia kama anavyofafanuliwa mtoto: hospitali wakikutoa damu wanakwambia kaa kwenye benchi, subiri majibu. "Wewe ulituuliza mchana kutwa, ukaandika, ukasema unakwenda nayo Dar. Tukasema basi, majibu yatakuja."

"Yalitoka, bibi," nikasema. Ningesema nini?

Akaacha kupepeta.

"Tulifaulu?"

## Mimi nilifaulu

Tasnifu yangu ina kurasa 118. Jalada gumu jeusi, maandishi ya rangi ya dhahabu ubavuni. Nakala moja iko maktaba ya chuo, moja idarani, moja iko juu ya kabati langu kwenye mfuko wa plastiki pamoja na picha za mahafali. Kwenye picha hizo nimevaa joho na shada la maua ya karatasi shingoni, na mama yangu ananishika mkono kana kwamba nitatoroka.

Imeandikwa kwa Kiingereza, kama tasnifu karibu zote za nchi hii, ukiacha za wanaosoma Kiswahili chenyewe. Maswali niliuliza kwa Kiswahili, majibu nikapewa kwa Kiswahili na mengine Kizigua, jirani akanitafsiria. Kisha nikayapeleka yote mahali ambapo waliojibu hawawezi kuyafuata.

Aliyewahi kufanya utafiti anaijua ile safari ya barua. Chuo kinaandikia mkoa, mkoa unaandikia wilaya, wilaya inaandikia kata, kata inakuelekeza kwa mtendaji wa kijiji. Kila kituo muhuri, kila kituo "acha nakala, uje kesho". Nilikuwa na barua zenye mihuri mitano kabla sijamsalimia mwanakijiji hata mmoja. Wote walitaka kujua ninatoka wapi, nasoma nini, nitakaa siku ngapi.

Hakuna aliyeuliza nitarudi lini na majibu.

Tangu msiba ule neno la bibi limenikaa kichwani kama mwiba wa samaki kooni. Nakula, lipo. Niko kwenye mwendokasi nimebanwa mlangoni, lipo. Tulifaulu?

## Mtu aliyepewa chakula chote

Mwaka 1964, akizungumzia Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alitoa mfano ambao waliosoma siasa za nchi hii wanaujua. Kijiji kina njaa. Chakula chote kilichobaki anapewa mtu mmoja, ili apate nguvu za kwenda mbali na kurudi na chakula cha wenzake. Akila akaenda asirudi, huyo ni msaliti.

Kumbuka hali ilivyokuwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kilikuwa kimefunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiojaza daladala moja. Mlimani kilihamia 1964. Nchi nzima ililisha vichwa vichache sana, kwa hiyo mfano ule haukuwa wa kutia chumvi. Ulikuwa hesabu.

Miaka miwili baadaye waliolishwa wakagoma. Serikali ilisema wahitimu watakwenda Jeshi la Kujenga Taifa miaka miwili, na muda mwingi wa huo watalipwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wakaandamana hadi Ikulu, wengine na majoho yao, wakiwa na mabango. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wao akawarudisha makwao. Karibu wanafunzi 400. Wengi waliruhusiwa kurudi baadaye, lakini nchi ilikuwa imeshageuka: Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, Machi ikaja Elimu ya Kujitegemea.

Nilipokuwa nasoma nilizoea kuwacheka vijana wale. Walisomeshwa bure, wanalilia asilimia sitini! Siku hizi siwacheki sana. Wao angalau deni lao walijadiliana na aliyewadai, uso kwa uso, kwenye viwanja vya Ikulu.

Mimi langu nililijadili na mashine ya mishahara.

## Makato

Shahada ya kwanza nilisomeshwa na Bodi ya Mikopo. Boom, yaani hela ya kujikimu, likiingia tunakula chipsi kuku, likiisha tunakula "pasi ndefu", yaani mlo mmoja tunaupiga saa kumi ili uwe mchana na usiku. Nilipoajiriwa nikaanza kukatwa asilimia 8 ya mshahara. Mwaka 2016 sheria ikabadilishwa ikawa 15, na kila aliyekuwa kazini wakati huo anakumbuka salari slipu ya kwanza ya makato hayo. Deni lilikuwa na ile asilimia 6 ya kulinda thamani, unalipa huku linakua, hadi ilipofutwa 2021.

Siku makato yalipokoma nilimpigia mama kama mtu aliyetoka rumande. "Nimemaliza!" Akapiga vigelegele kwenye simu.

Ni sahihi mkopo urejeshwe, wadogo zetu nao wasome. Tatizo langu ni kwamba neno lenyewe lilihama. Enzi za Mwalimu ukisema msomi anadaiwa, watu walielewa anadaiwa na kijiji. Leo ukisema msomi anadaiwa, anatoa simu kuangalia salio. Na salio likisoma sifuri, anajiona huru na kila mtu.

Bibi wa Handeni hana namba ya kumbukumbu ya malipo.

Nilimweleza haya aliyekuwa msimamizi wangu, mzee sasa, amestaafu, anafuga kuku. Akanituliza. Usijitese, akasema, utafiti wa uzamili ni kujifunza kuogelea, hakuna aliyetegemea uvuke bahari. Ana hoja. Mwanafunzi ana mwaka mmoja, ada inamwinda, kompyuta ya kuazima. Na walimu wenyewe? Rafiki yangu anafundisha kemia chuoni. Ana mitihani ya mamia ya wanafunzi ya kusahihisha, na akitaka kupanda cheo atahesabiwa makala alizochapisha kwenye majarida. Mkutano wa hadhara chini ya mwembe hauna pointi.

Kwa hiyo nikakubaliana na msimamizi. Nikaaga. Nikafika getini kwake nikasimama.

Nilijifunza kuogelea, sawa. Lakini nilijifunzia kwenye kisima cha watu.

## Aisikirimu ya Lushoto

Hapa nitachepuka kidogo, mtanisamehe.

Katika kujitetea usiku nilianza kutafuta mifano ya chuo kikuu kufanya kazi yake sawasawa, nikamkumbuka Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu, shule ya sekondari Magamba, Lushoto, mkoa huohuo wa Tanga. Wavulana walikuwa wanatengeneza aisikirimu: chemsha maziwa, weka sukari, acha yapoe, ndipo uweke kwenye friza. Nafasi ya friza ilikuwa ya kugombania. Mpemba, akiogopa kukosa nafasi, akaingiza maziwa yake yangali moto. Mwenzake akaingiza yasiyochemshwa kabisa. Baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Umechanganyikiwa, akajibiwa, haiwezekani.

Akapanda hadi Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Mwalimu wa huko akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Darasa likapata utani wa mwaka mzima. Akikosea hesabu: hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Siku moja akaja Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa bado chuo kishiriki, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama mbele ya watu walewale waliomcheka. Ukichukua vyombo viwili vyenye maji sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, kile cha nyuzi 100 kinaganda kwanza. Kwa nini?

Osborne akatabasamu, akamwomba arudie. Akamuuliza kama kweli amejaribu. Amejaribu. Basi Osborne akasema kwamba hajui, ila akirudi Dar atajaribu.

Na alijaribu. Alimpa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto kweli yaliganda kwanza, na akaongeza kwamba wataendelea kurudia hadi wapate jibu lililo sahihi. Kila nikiifikiria sentensi ya fundi yule nacheka peke yangu. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walitoa makala pamoja kwenye jarida la kufundishia fizikia, majina mawili juu. Mpemba wakati huo alikuwa Mweka, Moshi, anasomea uhifadhi wa wanyamapori. Wanasayansi wanabishana hadi leo kama jambo lenyewe hutokea kweli na kwa masharti gani. Duniani linaitwa kwa jina lake.

Nilikuwa naijua hadithi hii tangu sekondari, kama wengi wenu. Tunaisimulia kama hadithi ya Mpemba: kijana shupavu, msikate tamaa, na kadhalika. Safari hii nilimtazama mwingine. Mtu mwenye cheo, mbele ya wanafunzi, anaulizwa swali linalofanana na upuuzi, na anasema sijui. Halafu anabeba swali la mwenye swali kilomita mia tano, analipeleka maabara.

Mlimani palepale, mwaka 1968, wanafunzi wa historia walitumwa likizo makwao kuwahoji wazee waliokuwa vijana wakati wa Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Nadhani wazee wenyewe nao walikuwa na hamu ya jambo hilo: ni nini hasa kilitupata? Mtafiti na mzee walikuwa wanatafuta kitu kimoja.

Mimi Handeni nilikwenda na swali langu. Au tuseme ukweli, swali la mwandishi fulani wa Ulaya niliyemnukuu ukurasa wa 9, ambaye hajawahi kubeba ndoo.

## Bomba saa nne

Mada yangu ilikuwa: kwa nini wananchi hawachangii huduma ya maji. Kulikuwa na kisima kirefu, pampu ya dizeli, vituo vya kuchotea, shilingi 20 kwa ndoo, kamati ya maji. Na watu hawalipi. Pampu inazimwa kwa kukosa dizeli. Kwa nini?

Tazama swali lilivyokaa. Limeshaamua kwamba mwenye kasoro ni mwananchi. Kazi iliyobaki ni kupima ukubwa wa kasoro.

Nikaandaa dodoso. Swali la 17: "Ninaelewa umuhimu wa kuchangia huduma ya maji." Nakubaliana sana, nakubaliana, sina uhakika, sikubaliani, sikubaliani kabisa. Bibi aliniuliza hapo kwenye kigoda: hiki cha kwanza na hiki cha pili vina tofauti gani? Mtu akikubali si amekubali? Nikamweleza kuhusu vipimo. Akasikiliza kwa heshima zote, kisha akasema, "Weka unapoona panapendeza."

Nikaweka. Sitawaambia niliweka wapi.

Wiki ya tatu baada ya msiba nilishusha boksi la karatasi kutoka juu ya kabati. Madodoso niliyachoma zamani, lakini daftari la uwandani lilikuwepo, la mistari, kurasa zimevimba kwa unyevu wa Dar. Nikafungua siku niliyokuwa kwa bibi. Majibu yake yamepangwa vizuri. Na pembeni, kwa kalamu nyingine, mwandiko wa haraka:

*Bomba saa 4–6. Shamba. (nje ya mada)*

Nilikaa sakafuni muda mrefu.

Alikuwa ameniambia. Bomba lilifunguliwa saa nne hadi saa sita mchana, kwa sababu ndio muda mwendesha pampu alipokuwa na nafasi. Saa nne akina mama wako shamba tangu alfajiri. Watoto wako shule. Wakirudi, bomba limefungwa, wanakwenda lamboni. Ndoo usiyoichota huilipii. Kijiji kizima kilijua. Mimi pia nilijua, niliandika kwa mkono wangu, nikaweka mabano, kwa sababu dodoso halikuwa na kisanduku cha saa.

Hitimisho la tasnifu yangu: mwamko wa wananchi ni mdogo. Pendekezo la kwanza: elimu itolewe kwa jamii.

Elimu itolewe! Vuteni tasnifu kumi za nchi hii, kuhusu vyandarua, vyoo, misitu, chanjo, mkaa, mfunue ukurasa wa mapendekezo. Mtaikuta imekaa palepale kama mlinzi wa benki. Ni sentensi inayompendeza kila mtu. Serikali haikosolewi, mfadhili haudhiki, msahihishaji anaweka tiki. Anayeambiwa mjinga hana nakala.

## Kurasa nne

Nikaamua kuitafsiri, ili niwapelekee.

Nilidhani itachukua miezi. Ilichukua Jumamosi tatu, kwa sababu ilikuwa inayeyuka mkononi. Sura ya pili, mapitio ya maandiko, kurasa 31: nilijaribu kuisema kwa Kiswahili cha kumsomea mtu, hakikubaki kitu cha kusema. Sentensi moja ya nusu ukurasa, yenye "utayari" na "vigezo vya kijamii na kiuchumi", niliigeuza na kuigeuza hadi ikatulia hivi: watu hawalipii maji wasiyoyapata. Nilitafuta shahada kwa hilo?

Karibu nifunge kompyuta. Ningefunga, makala hii ingekuwa ya kuvilaani vyuo, na mngeipenda, maana kuvilaani ni rahisi.

Ila kulikuwa na jedwali la 4.7.

Kati ya maswali 34, moja lilikuwa la kujaza tu: mara ya mwisho ulinunua maji kwa nani, na kwa bei gani. Sikulifanyia uchambuzi wowote. Lilikuwa kiambatanisho cha mazoea. Humo kaya baada ya kaya zilikuwa zimesema zilinunua kwa wauza maji wa baiskeli, dumu shilingi 300. Wale niliowaandika kwamba hawana mwamko wa kulipia maji kwa shilingi 20 walikuwa wanalipa 300. Mara kumi na tano.

Mwaka mzima nilikuwa nalo. Nililipangia safu, nikalipa namba, nikaweka chanzo: "data za uwandani, 2013". Jedwali lilikuwa linajua, mwenye jedwali hajui.

Hapo hasira yangu ilibadilika. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba makaratasi yale yote ni usanii mtupu, kwamba angekwenda mtu bila dodoso, akakaa, akapiga soga, angejua zaidi. Sehemu ni kweli. Lakini soga isingenipa 300 mara kaya 120. Hata bibi hakulijua hilo. Yeye alijua dumu lake. Kuhesabu kaya kwa kaya, bila kuruka ya mlevi wala ya mwenyekiti, ndiyo kazi niliyofundishwa chuoni na niliifanya vizuri. Nilichoshindwa ni kutazama nilichohesabu.

Tafsiri iliishia kurasa nne.

## Chini ya mwembe

Nilirudi mwanzoni mwa Oktoba, kabla ya vuli. Safari hii sikuwa na barua hata moja, na mwenyekiti wa kijiji alipata tabu kuelewa nimekuja kufanya nini. Kusoma majibu, nikamwambia. Majibu ya nini? Ya 2013. Akaniangalia kama mtu aliyekuja kurudisha nauli ya basi lililokwisha kuungua.

Jumapili saa kumi walikuja watu kama thelathini. Nikasoma. Nilipofika kwenye bomba la saa nne, mzee mmoja akanyoosha fimbo.

"Hayo tunayajua."

Nikasema ndiyo, mzee.

"Kwa hiyo ulikwenda Dar kujua tunachokijua?"

Walicheka sana. Nikawaacha wacheke, ilikuwa haki yao. Kisha wakanisahihisha. Nilikuwa nimeandika kwamba kitongoji kimoja hakikuchanga kabisa. Wakasema kilichanga, hela zikapotelea njiani, na wanajua njia yenyewe ilipita kwa nani. Nilimfanya mtu mmoja kuwa mjumbe wa kamati ambaye hakuwahi kuwa. Nikafuta, nikaandika upya palepale, kurasa zikajaa mishale.

Nikasoma jedwali la 4.7. Kimya.

Kijana mmoja wa bodaboda akatoa simu akaanza kupiga hesabu kwa sauti. Ndoo tano kwa siku, za bomba, shilingi 100. Madumu matano ya baiskeli, 1,500. Kwa mwezi, 3,000 na 45,000. Akarudia kana kwamba simu imekosea. Mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha akasema, "Elfu arobaini na tano?" na akageuka taratibu kumtazama mtu wa kamati ya sasa aliyekaa karibu na shina.

Siku hizi pampu ni ya sola na bei imepanda. Saa za kufungua bado zinapangwa na mwenye ufunguo. Mjadala uliofuata haukunihusu, walinisahau kabisa, na nikawa nimekaa na kurasa zangu nne mapajani nikiwatazama. Giza likaingia wanabishana. Nasikia wamekubaliana jioni bomba lifunguliwe pia, kwa majaribio. Nasikia pia mwenye ufunguo amenuna.

Bibi hakusema neno mkutano mzima. Alinisubiri niagane na watu, akanishika mkono, tukatembea polepole hadi kwake.

"Sasa mimi nina swali," akasema.

## Chupa

Swali lake ni hili. Kiangazi, maji ya kisima kile ni matamu, chai inakubali. Masika yakikolea yanakuwa na chumvi, sufuria inafanya ukoko mweupe, maharage hayaivi. Watu wengine wa visima husema kinyume, kwamba chumvi ni ya kiangazi. Yeye ameangalia miaka yote tangu kisima kichimbwe. Kwa nini?

"Sijui, bibi."

Akanitazama kama aliyetegemea jibu lililo refu zaidi. Kisha akaingia ndani, akatoka na chupa ya soda iliyosuuzwa, akaenda kuchota kwenye mtungi.

Niliporudi Dar nilimpelekea rafiki yangu wa kemia. Alikuwa na rundo la mitihani mezani, akanisikiliza huku anasahihisha. Haiwezekani, akasema. Mvua inazimua, haiongezi chumvi. Bibi atakuwa amechanganya misimu.

"Umepima?"

Kalamu ikasimama. Tulisoma naye sekondari moja, na Mpemba anamjua vizuri kuliko mimi. Akacheka, akaweka kalamu chini, akaanza kuchora kwenye mgongo wa karatasi ya mtihani wa mtu: udongo, mwamba, maji yanavyoshuka. Inawezekana mvua inaosha chumvi iliyokauka juu inaishusha kisimani, akasema. Kama kisima hakijazibwa vizuri pembeni. Inawezekana. Halafu akasema chupa moja haina maana. Nitahitaji mbili, ya kiangazi na ya masika, na ikiwezekana ya lambo pia.

Ya kiangazi iko kwenye friji langu, mlango wa juu, nyuma ya pilipili. Nimeibandika karatasi: *Oktoba, kabla ya mvua. Usinywe.* Mdogo wangu amekwisha kuuliza mara mbili ni ya mganga gani.

Jumapili iliyopita simu ikaita mara moja ikakatika. Bibi. Yeye hubipu tu, salio ni langu. Nikampigia, tukasalimiana, nikamuuliza vipi mvua.

"Bado, hizi ni za vuli, za kudanganya," akasema. "Tulia na chupa yako. Nitakuita."